Nilisingizia saumu nikisubiri operesheni ya kupunguza tumbo, mtaa mzima ukaanza kunifuturisha

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliolala na mlio kazini mkijifanya mnajibu email.

Nimekuwa msomaji wa humu kwa miaka. Nacheka na visa vya watu, halafu natoka kimya kimya kama mtu aliyekula harusi ambayo hakualikwa. Leo na mimi naleta changu. Yamenipata mwenyewe, na mke wangu Halima amekaa hapa kando anasoma kila mstari. Nikiongeza chumvi, kiwiko kiko karibu.

Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko Thika, nyumbani ni Ruiru. Nina miaka arobaini na tatu na watoto watatu, wa kwanza Rehema.

Wakati kisa hiki kinaanza nilikuwa na kilo mia moja hamsini na nane.

Msinionee huruma bado. Ule mwili ulikuwa tangazo la biashara. Mteja akiuliza kama kochi ni imara, sikuwa najibu kwa mdomo. Nilikuwa najiachia juu yake, pwaa! Kisha namtazama. Kochi likinyamaza, mteja anaanza kuchagua rangi ya kitambaa.

Lakini nyuma ya vicheko mambo hayakuwa mazuri. Pressure ilikuwa juu, magoti yalikuwa yanalia, na sukari ilikuwa imeanza kuchungulia mlangoni. Kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi ya mtoto wangu wa mwisho, na alikuwa anadai peremende.

Na kuna jambo moja lilikuwa linanitisha kuliko yote. Marehemu baba yangu alikuwa na mwili huu huu. Alienda kufanyiwa operesheni akiwa na miaka arobaini na tano, akiingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Siku ya tatu tulienda kumchukua tukiwa na sanda. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu siku hiyo mama yangu hataki kusikia neno kisu. Hata jino likimuuma, anaweka karafuu na kumwachia Mungu.

Sasa fikirieni mimi, nimebakisha miaka miwili kufika umri wa baba, na daktari ananiambia dawa yangu ni operesheni.

Inaitwa sleeve. Kwa lugha ya fundi: wanakata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, unabaki na kipande chembamba kama ndizi. Unashiba kwa chakula kidogo. Hawakupasui wazi, wanapitia matundu madogo.

Nilifanya vipimo hadi nikachoka. Damu, moyo, mpira wa kumezwa wenye kamera. Wakanipeleka pia kwa counsellor, dada mmoja mpole sana.

Akaniuliza, "Huwa unakula zaidi ukiwa na huzuni ama ukiwa na stress?"

Nikamwambia, "Dada, huwa nakula zaidi nikiwa na mama."

Alidhani natania. Mama anaishi Majengo, Thika, dakika tano kutoka karakana yangu. Kila siku ya kazi, kwa miaka kumi na tisa, nimekula lunch kwake. Na mama hapimi chakula kwa sahani, anapima kwa mapenzi. Ukimaliza, anadhani hujashiba. Ukibakisha, anadhani mkeo amekulisha sumu.

Halafu daktari akatoa sharti la mwisho.

"Ini lako limejaa mafuta na limelala juu ya tumbo," akasema. "Kwa wiki mbili utakunywa tu. Shake, supu iliyochujwa, mtindi mwepesi. Nataka kilo sita zishuke. Zisiposhuka siingii, kwa sababu naweza kufika pale nishindwe hata kuona ninachokata."

Kwa hivyo wakuu, mtihani ulikuwa huo. Kilo sita, siku kumi na nne, na mama asijue. Nikikosa, naahirishiwa, na nilijijua vizuri: nikiahirishiwa mara moja sirudi tena.

Siku ya kwanza saa saba nikaingia kwa mama kama kawaida. Pilau. Harufu ilinipokea mlangoni ikanivua viatu.

Ningesema nini? Kwa mama huwezi kusema huna njaa. Ungesema unaumwa, ungewekewa mikono kichwani na kuletewa uji juu ya pilau.

Mdomo ukaniponyoka. "Mama, leo nimefunga."

"Umefunga? Mwezi huu?"

"Nalipa siku za Ramadhani. Zile kumi na nne nilizokuwa mgonjwa."

Na kweli zile siku zilikuwepo. Ramadhani iliyopita nililazwa na pressure, nikala siku kumi na nne. Uongo ukivaa nguo ya ukweli unapendeza sana. Mama akashika kifua, machozi yakamlenga. "Mwanangu, Mungu akupe nguvu."

Nikatoka pale nikijiona mjanja wa wajanja wote wa Thika. Nikaenda karakana, nikajificha nyuma ya marundo ya sponji, nikanywa shake yangu ya chocolate, nikapangusa masharubu.

Sasa wale ndugu zangu Waislamu humu wameshaona shimo nililojichimbia. Kwa wengine nitaeleza. Kwetu, ukimfuturisha mtu aliyefunga, yaani ukimpa chakula cha jioni cha kufungulia, una thawabu kama zake. Katikati ya Ramadhani ushindani ni mkubwa, kila mtu amefunga. Lakini mtu mmoja aliyefunga peke yake, nje ya mwezi, mtaa mzima ukijua? Huyo ni mgodi.

Na mama hakunyamaza. Angenyamaza vipi? Mwanawe wa kilo mia na hamsini amekaa na njaa kwa ajili ya Mungu!

Siku ya pili, magharibi, nilikuta meza ya mama ina sambusa, viazi karai, ndengu na mahamri. Siku ya tatu majirani wawili wameleta matoke ya nyama na chapati. Siku ya nne sikuona kitambaa cha meza.

Mimi nilikuwa nakula tende nusu, nakunywa maji, kisha nasema, "Nitamalizia nyumbani na Halima." Wananifungia. Nafika Ruiru nimebeba hotpot nne kama mtu wa outside catering.

Watoto wangu walinenepa, wakuu. Baba anatayarishwa kupunguzwa, watoto wanatoka mashavu.

Halima, ambaye ndiye pekee aliyejua ukweli, akashika kiuno. "Rashidi, hizi hotpot ni za watu. Na kwenu chombo hakirudi kitupu. Nani atazijaza?"

Ni yeye aliyezijaza. Alikuwa anapika ili kurudisha vyombo vya chakula ambacho mimi sikula. Nilioa mwanamke, wacha niseme hivyo tu, na si kwa sababu yuko hapa kando.

Siku ya sita akaja Mama Wafula. Huyu ni jirani ya mama, ukuta kwa ukuta, ametoka upande wa Kakamega, anafanya kazi kiwandani, na kanisani kwao ni mwimbaji. Aliingia na kuku mzima wa kuchemsha, wa kienyeji, na ugali uliofunikwa na sahani.

"Baba Rehema, mimi si wa dini yenu," akasema, "lakini nimesikia kuna baraka zinagawanywa huku. Baraka ni baraka. Kula."

Alisimama pale. Wakuu, alisimama pale akisubiri nile. Nilimwambia kwamba sunna ni kuanza na tende, halafu swala, halafu ndio chakula. Nilirefusha swala siku hiyo hadi nikaona aibu mbele ya Mungu. Nilipotoa salamu bado alikuwa amesimama.

"Nimefunga kwa muda mrefu, tumbo limekuwa dogo," nikamwambia.

"Ndio maana nimekuletea," akasema.

Nilimwomba anifungie. Yule kuku alisafiri kwenda Ruiru akiwa mzima na miguu yake yote.

Kisha kilele cha aibu. Ijumaa msikitini, maalim wetu alisimama baada ya swala akasema vijana wa siku hizi wanaona kufunga siku moja ni mzigo, na hapa tunaye ndugu yetu, mnamuona mwili wake, analipa deni lake la saumu mfululizo, siku kwa siku. Watu wote wakageuka. Mimi nikainamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Ndani ya begi langu, pale kwenye rafu ya viatu, kulikuwa na chupa ya shake ya vanilla.

Nilianza kuumwa na dhamiri kweli kweli. Si mzaha tena. Kudanganya mama ni jambo moja, kumchezea Mungu ibada yake ni jingine. Nilijiambia siku chache tu zimebaki, nitamaliza, nitatubu, nitamwambia mama nikishaamka kitandani nikiwa mzima. Huo ndio ulikuwa mpango.

Mpango ulikufa siku ya tisa.

Ilikuwa alasiri, kama saa kumi na moja. Nilipita kwa mama kuchukua futi yangu ya kupimia niliyoisahau. Nikamkuta ameketi chini jikoni, mgongo kwenye kabati, leso imelowa jasho. Mikono inatetemeka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayenitafuta mbali.

Mama yangu ana sukari, wakuu. Miaka minane sasa anameza vidonge.

"Mama umekula?"

Akatazama dirishani, jua bado lipo.

"Mama, leo umekula saa ngapi?"

Akasema polepole, "Nimefunga."

Daktari wake alimkataza kufunga miaka mitatu iliyopita, na katazo hilo lilikuwa linamla ndani kwa ndani. Aliponiona mimi, na mwili wangu huu, nimefunga, akaona haya. Akaanza kufunga kwa siri. Mchana ananiambia ameshakula, jioni anajifanya anaonja onja. Nyumba moja, waongo wawili. Mimi nasema nimefunga na sijafunga, yeye anasema hajafunga na amefunga.

Nikachukua gilasi, nikakoroga maji na sukari vijiko vitatu, nikampelekea mdomoni. Akageuza uso.

"Imebaki saa moja na nusu tu. Wewe unavumilia, na mimi nitavumilia."

"Mama, kunywa!"

"Tutafungua pamoja."

Hapo sikuwa na ujanja uliobaki. Nilifungua begi, nikatoa shake, nikainywa mbele yake. Yote. Nikaweka chupa chini.

"Mama, mimi sijafunga. Sijafunga hata siku moja. Kunywa, tafadhali."

Alinitazama. Halafu akashika gilasi kwa mikono miwili akanywa, macho yako kwangu muda wote. Nikampa gilasi ya pili. Baada ya robo saa rangi ikarudi usoni, na nguvu ya kwanza aliyoipata aliitumia kunichapa na leso. Mara tatu. Sikukwepa.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa."

"Mimi sita," akasema, kama mtu anayelinganisha majeraha.

Nilimpeleka kliniki wakampima, akawa sawa. Tuliporudi ndipo nilimwambia kuhusu operesheni. Yote. Tarehe, sleeve, ini, kilo sita.

Hakupiga kelele. Ningependelea apige kelele. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema, "Baba yako aliingia kule akitembea." Akaniambia niende nyumbani.

Siku mbili hakushika simu yangu. Nilikuwa nakaa karakana na njaa, na hofu, na kochi la watu lisilomalizika. Niliamua moyoni kwamba akisema hapana, siendi. Siwezi kulala kwenye meza ile bila radhi ya mama. Halima alijaribu kuniambia mimi ni mtu mzima. Mbele ya mama hakuna mtu mzima.

Siku ya kumi na moja asubuhi, simu ya Halima ikalia. Mama hakuniuliza mimi. Alimwambia mke wangu, "Nataka kumwona huyo daktari."

Wakuu, nimeona watu wakihojiwa, lakini sijaona kama siku ile. Mama alivaa buibui lake jipya, akaketi mbele ya daktari, mkoba kwenye mapaja.

"Daktari, mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Ungemfanyia yeye hii kitu?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Angekuwa na mwili na pressure ya huyu, ningemfanyia. Na ningemwambia hatari zake kama nitakavyokuambia wewe sasa."

Akamwambia. Damu inaweza kutoka. Mshono unaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda mguuni. Akamweleza pia watafanya nini kila moja ikitokea, na kwa nini watanifanya nitembee siku hiyo hiyo. Mama alisikiliza bila kupepesa.

Alipomaliza, mama akasema, "Wakati wa baba yake hakuna aliyeniambia chochote. Walinipa karatasi nitie kidole."

Mimi, na kilo zangu zote, nililia pale kama mtoto. Sikuwahi kujua. Miaka yote nilidhani mama anaogopa kisu. Kumbe alichokuwa anaogopa ni kuketi nje ya mlango bila kujua kinachoendelea ndani.

"Basi mfanyie," akasema. "Lakini mimi nitakuwa hapo nje, na utakuja kuniambia wewe mwenyewe."

Daktari akakubali.

Ila kabla ya operesheni mama alikuwa na sharti lake. Lazima nipite kila mlango ulionilisha, nirudishe chombo kikiwa na kitu ndani, na niseme ukweli.

Nilipita. Nilicheka, nilichekwa, wengine walinirushia ndala. Maalim alinisikiliza hadi mwisho akavuta ndevu.

"Umetubu?"

"Nimetubu, maalim."

"Basi thawabu za waliokulisha ziko palepale, wao walinuia kheri," akasema. "Zako ndizo sijui."

Mama Wafula alikuwa mgumu kuliko wote. Hakujali saumu. Hakujali uongo.

"Kwa hivyo ile kuku hukuionja?"

"Sikuionja."

"Hata supu?"

"Hata supu."

Akakaa chini. "Haki ya Mungu. Kuku ya kienyeji, Baba Rehema! Ilikuwa inataga!"

Siku ya kumi na nne nilipanda mizani hospitalini. Zilikuwa zimeshuka kilo saba. Nurse alipotaja namba, mama alipiga vigelegele pale pale koridoni, mgonjwa mmoja akadhani kuna bibi harusi.

Operesheni yenyewe sina mengi ya kusema, nilikuwa nimelala. Nakumbuka taa, nakumbuka mtu akiniambia nihesabu, nikafika nne. Nilipoamka nilimuuliza nurse, "Niko hai?" Akasema, "Uko hai na unakoroma."

Na daktari alitimiza ahadi. Halima aliniambia alitoka bado amevaa kofia yake ya kijani, akaenda moja kwa moja kwa mama, akachuchumaa mbele ya kiti chake, akamwambia, "Mama, imeisha. Yuko salama." Mama alimshika kichwa akamwombea dua hapo hapo, kofia na yote.

Jioni ile walinisimamisha. Maumivu ya mshono yalikuwa ya kustahimilika. Kilichonitesa ni gesi wanayokujaza ili waone vizuri, ilipanda ikakaa begani kama mtu amenining'inia. Dawa yake ni kutembea. Nilitembea koridoni na mama upande mmoja, Halima upande wa pili, chupa ya maji ya mshipa ikifuata nyuma.

Siku ya tatu niliruhusiwa. Mama alipanda gari na sisi hadi Ruiru akiwa na begi lake, na ndani yake vikombe sita vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono.

Daktari alisema ninywe kidogo kidogo, kikombe kidogo kwa muda mrefu, nisigide. Mama akageuza hilo kuwa sheria. Funda moja, anavuta tasbihi thelathini na tatu, funda jingine. Nikijaribu kuiba funda katikati anaanza kuhesabu upya. Yule aliyenilisha miaka kumi na tisa bila kipimo sasa alikuwa ananichungulia kikombe kama askari wa barabarani.

Supu alikuwa anaichuja mara mbili, kwa chujio la chai, kisha kwa kitambaa. Nikamwambia, "Mama, haya sasa ni maji yenye kumbukumbu ya nyama." Akasema hata kumbukumbu ni riziki.

Wiki ya tatu nikaingia vyakula vilivyosagwa. Wiki ya tano, yai. Yai moja la kuchemsha, laini. Nilikula nusu kwa dakika ishirini nikashiba. Nilishiba, wakuu! Nusu yai! Nilikaa nikiitazama ile nusu nyingine na nikaanza kucheka, Halima akaanza kucheka, mama akaila ile nusu.

Msidhani ilikuwa sherehe tupu. Wiki ya saba nilijiona mwanamume, nikala pembe ya sambusa kwenye aqiqa, sherehe ya mtoto mchanga wa jirani. Pembe tu! Nililowa jasho, kifua kikabana, nikatoka nje nikainama kwenye ua wa watu nikijutia kuzaliwa kwangu. Mwezi wa nne nywele zilianza kutoka kwenye kitana. Ngozi ya tumbo imelegea hadi leo, Halima anasema nimevaa shati juu ya shati. Vitamini nitameza maisha yangu yote. Na kuna siku za huzuni ambazo hazina sababu, unatamani tu sahani iliyojaa ikukumbatie kama zamani. Hakuna aliyeniambia kwamba nitaomboleza chakula. Ndio nawaambia.

Halafu kuna maneno ya watu. Hapa kwetu ukinenepa umebarikiwa, ukikonda una ugonjwa. Wateja walianza kuniangalia kwa pembe ya jicho. Mama mmoja aliyekuja kuulizia stool alinishika mkono.

"Haiya, fundi! Uko sawa kweli? Uko na mtu wa kukupikia?"

Biashara nayo ilibidi ibadilike. Nikijiachia kwenye kochi siku hizi halitishiki. Sasa nawaketisha mteja na mumewe na mimi katikati, tukijumlisha tunaupita ule uzito wangu wa zamani.

Lakini furaha ziko tele. Mwezi wa nane nilikuwa nimepungua kilo hamsini na moja. Nafunga kamba zangu mwenyewe, mtoto amekosa peremende. Kiti cha plastiki nakaa kimoja, sipachiki viwili. Daktari amenitoa dawa moja ya pressure kati ya mbili. Natembea kutoka stesheni ya Ruiru hadi nyumbani na nafika nikiwa bado na pumzi ya kuuliza kuna nini cha kula, hata kama nitakula vijiko vitano.

Kisha Ramadhani ikaingia.

Daktari akasema mwaka huu nisifunge, tumbo bado changa, maji nahitaji kunywa mchana kutwa. Maalim akasema mgonjwa ana ruhusa yake, nitalipa nikipata uwezo, pamoja na yale madeni yangu ya zamani ambayo, akaniangalia, "bado hayajalipwa." Mama naye, sukari yake, haruhusiwi kabisa, analisha maskini badala yake. Safari hii ameahidi mbele ya Halima, mkono juu.

Basi mchana wa Ramadhani, Majengo nzima imefunga, mimi na mama tunavuta pazia la jikoni, tunakula. Yeye wali kidogo na samaki, mimi vijiko vyangu. Tunanong'ona kama wezi. Siku moja mwiko ukaanguka, ukalia kwenye sakafu, tukatazamana, tukacheka hadi akalazimika kushika kabati.

Wiki ya mwisho niliwaita wote kwa mama nikawafuturisha. Wote walionilisha. Maalim alikuja, Mama Wafula alikuja na kanga ya kanisani. Mimi ndiye nilikuwa napakua. Nilikuwa nainama, nainuka, nazunguka mikeka nikibeba sinia, sikuona hata kama ninafanya kitu cha ajabu.

Baada ya kula, maalim akamwomba mama, kama mwenye nyumba, aseme neno.

Mama si mtu wa hotuba. Alinitazama nikiwa nimesimama na birika.

"Mimi miaka yote nilikuwa naomba dua moja na sikumwambia mtu," akasema. "Sasa nawaambia. Jamani, naona huyu atanizika."

Watu wakashtuka. Mama Wafula akasema, "Mama, usiongee mambo ya kuzikwa, leo ni siku ya furaha!"

"Nyinyi hamjui," mama akasema, na alikuwa anatabasamu uso mzima. "Nilishajiandaa kumzika yeye. Nilikuwa hata najua nitamlaza upande gani wa baba yake. Sasa atanizika yeye. Semeni amina."

Wakasema amina. Mimi nilikuwa bado nimeshika birika, na nikawamiminia chai waliobaki, huku kikombe sikioni vizuri.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukienda kwenye jambo kubwa la mwili wako, usiwafiche wanaokupenda ili kuwalinda. Watajiumiza gizani wakikufuata, na wewe hutajua. Waambie mapema, wakasirike mapema, wakuchape na leso, halafu waje wakae nje ya mlango wakijua kinachoendelea ndani.

Uwanja ni wenu sasa. Kama umepitia sleeve, tuambie nywele zako zilirudi mwezi wa ngapi. Kama unaiogopa, uliza lolote, hakuna swali la kijinga, mimi nilimuuliza daktari kama nitaweza tena kupiga chafya. Na kama kuna mtu humu anauza kuku wa kienyeji anayetaga, maeneo ya Thika, aniandikie. Kuna jirani bado ana kinyongo.